Maswali ya Wasomaji: Trofi zimebaki mbili na sina wa kucheza nae

Mwezi huu nimeyaweka pembeni maswali ya pedi zilizokufa na bei za mashine, nimechukua ya trofi tu mana yamekuja mengi, Unguja na Pemba, na karibu yote yanazunguka jambo moja, yale makundi ya wachezaji mtandaoni wanaosaidiana kufungua trofi na achivimenti, yani zile alama gemu inazokupa ukitimiza jambo fulani, PlayStation wanaziita trofi na Xbox wanaziita achivimenti. Barua nimezifupisha, majina nimeyaacha.

SWALI: Assalamu alaykum kaka. Mie niko Wete, nina PlayStation 4 (PS4). Gemu yangu The Last of Us Remastered hadithi yote nshaimaliza hadi ile ngumu kabisa, trofi zilobaki ni mbili tu za onlaini, ya Hunter na ya Firefly, bila ya hizo platinamu siipati. Washkaji zangu wote ni mpira tu usiku kucha, gemu nyengine hawataki hata kuisikia. Nimeskia kuna makundi watu wasiojuana wanasaidiana, ni kweli au ndo wizi wa mtandaoni?

JIBU: Waalaykumu salaam mdogo wangu. Ni kweli na yapo kitambo sana. Microsoft ilipotoa Xbox 360 Novemba 2005 ndo ikaja na achivimenti zenye pointi, Steam, duka la gemu za kompyuta, wakafata 2007, Sony wakaleta trofi kwenye PS3 Julai 2008, shaba, fedha, dhahabu na hiyo platinamu ambayo huipati mpaka umalize nyengine zote za gemu yenyewe. Sasa watengenezaji wakawa wanatia na zile ambazo mtu peke yake haziwezi hata awe fundi wa aina gani, lazima muwe wawili, wanne, wakati mwengine zaidi, na hapo ndo watu wakaanza kutafutana. Wa Xbox wengi wako kwenye tovuti ya TrueAchievements, wa PlayStation wako PSNProfiles, na karibu kila gemu kubwa ina kundi lake kwenye mitandao ya mazungumzo ya Discord au Reddit.

Ngoja nikwambie inavokwenda, mana ukiingia kichwa kichwa utaona watu wanaandikiana vifupisho tu hufahamu kitu. Mtu anaweka tangazo, gemu fulani, mashine fulani, trofi hizi na hizi, nahitaji watu watatu, Jumamosi saa kadhaa. Anaetaka anaacha jina lake la akaunti. Siku ikifika mnaongezana urafiki mnaingia. Gemu nyingi mechi ya faragha haihesabiki kwenye trofi kwahiyo ujanja ni kutafuta mechi ya kawaida wote kwa pamoja, mmoja anahesabu, tatu mbili moja, wote mnabonyeza, na mnachagua saa ambayo seva (kompyuta za kampuni zinazoendesha gemu onlaini) haina watu wengi ili muangukie chumba kimoja. Mkikosana mnatoka mnarudia, wakati mwengine mnarudia hadi mtu anachoka. Ikishakubali mnapeana zamu, huyu anafanya chake wengine wanamsubiri, akishapata zamu ya mwengine, na hapa ndo unamjua mtu, mana kuna anaepata chake akazima mashine akawaacha wenzake wamesimama, na jina lake linajulikana kundi zima, tangazo lake la pili hajibiwi na mtu.

Kuna gemu inaitwa Brütal Legend, ya 2009, ina trofi ambayo mie naipenda kuliko zote duniani. Inaitwa Six Degrees of Schafer. Ili uipate lazima ucheze onlaini na Tim Schafer mwenyewe, yule alieongoza kutengeneza hiyo gemu, au na mtu yoyote ambae tayari anayo. Basi. Imetoka kwa mtu ikenda kwa mtu mpaka ikafika kwa watu ambao huyo Schafer hawajawahi kukutana nae na hawatokutana nae. Huipati kwa ufundi wala kwa kukesha, lazima mtu mwenye nayo akubali kukaa akacheze na wewe, na yeye hapati kitu kipya, keshaipata zamani. Watu wamekaa kwenye hayo makundi miaka na miaka wakiandika "mie ninayo, anaeitaka aseme", na hicho ndo kitu kinachonifanya niyapende haya makundi.

Tuje kwako. Hizo zako ni ndefu. Unachagua upande, Hunter au Firefly, ndani ya gemu una watu wako unawalisha kwa vitu unavyookota kwenye mechi, safari ni wiki 12 na kila mechi ni siku moja, kwahiyo mechi 84, khalafu unarudia upande wa pili 84 nyengine, jumla 168, na watu wako wakifa wote safari inaanza upya. Usiende kwenye kundi ukaomba wakusaidie mechi 168, hakuna atakaekujibu. Tafuta watatu wanaotaka kitu hicho hicho, mana timu moja ni watu wanne, muwe na siku zenu kila wiki mcheze mechi za kweli, mtakuwa wazuri na wala hamtosikia urefu. PS Plus, ile huduma ya kulipia ya Sony ya kucheza onlaini, lazima uwe nayo. Na usichelewe, kwa wale wa PS3 Sony walizima seva za gemu hiyo hiyo tarehe 3 Septemba 2019, na aliekuwa hajamaliza mpaka leo platinamu ya PS3 imebaki vile vile. Hivohivo gemu za Halo za Xbox 360, seva zilizimwa Januari 13, 2022. Makundi yanaweka orodha za seva zinazokaribia kuzimwa, iangalie hiyo kabla ya kitu chochote, za onlaini uzimalize mwanzo, za hadithi hazendi popote. Na asije mtu akakwambia nunua ile The Last of Us Part I ya 2022, ile haina onlaini kabisa, ni platinamu nyengine mbali.

Jengine ambalo vijana wetu linawakosesha miadi kila siku, saa. Matangazo mengi yanaandikwa kwa GMT, ambayo iko nyuma yetu saa tatu, na sie tunahesabu saa zetu za Kiswahili. Ukiona 18:00 GMT ujue kwa saa ya ukutani hapa ni 21:00, yani saa tatu za usiku. Uiandike kwa Kiswahili kwenye simu yako pale pale unapokubali, mana mtu akikungoja ukakosa anakuwa amekungojea yeye na watatu wengine.

SWALI: Kaka mie wa Mwanakwerekwe. Rafiki yangu ananambia achivimenti za kusaidiwa ni udanganyifu, hazihesabu. Tumegombana mpaka hatusemi. Nani ana haki?

JIBU: Msameheane kwanza. Mie msimamo wangu uko hivi, pedi ikiwa mkononi mwako, umekaa wewe, umecheza wewe, wenzio wamekusaidia kwa kuwepo, basi ni yako kamili na mtu asikwambie vyengine. Gemu yenyewe imekwambia ulete watu wanne, ukaleta watu wanne, kosa liko wapi?

Lakini siwezi kumpuuza rafiki yako pia. Chukua ile achivimenti ya Gears of War ya 2006, Seriously, uue watu 10,000 kwenye mechi za ushindani. Kuna mtu kakaa miaka anapigana kweli na watu wanaompiga na yeye, na kuna waliokubaliana wasimame tu wauane kwa zamu. Alama inayotokea kwenye skrini ni ile ile moja. Yule wa kwanza akiona uchungu mie namfahamu, na ningekuwa mimi pia ningeuona. Kwahiyo kwa zile za kuhesabu wingi kama hiyo mie nawashauri watu wacheze, kusaidiana iwe kwa zile ambazo bila ya watu haziwezekani. Na kuna kitu kimoja sikubaliani nacho hata kidogo, mnapopanga mambo yenu kwenye mechi ya wazi akaingia mgeni hana habari, amekuja kucheza zake baada ya kazi, mkamharibia mchezo wake. Akiingia mgeni chezeni nae kawaida, ikimalizika tafuteni chumba chengine.

Udanganyifu wa kweli ni ule wa programu zinazofungua kila kitu kwa kubonyeza mara moja, au kuchukua sevu ya mtu (faili linalohifadhi alipofika kwenye gemu) ukaitia kwako trofi zikamiminika. Microsoft Machi 2008 iliwafuta watu kama hao pointi zote zikarudi sifuri ikawaandika na neno la udanganyifu kwenye profaili zao, na PSNProfiles ukikutwa una trofi zenye saa zisizowezekana, mfano ya kumaliza gemu imekuja kabla ya ya kuanza, wanakutoa kwenye orodha ya ushindani.

SWALI: Kuna jamaa kanitumia meseji anasema nimpe imeili na paswadi anichezee platinamu ya Bloodborne, anataka shilingi 40,000. Kanionesha skrinishoti za watu aliowafanyia. Nimpe? (Michenzani)

JIBU: Usimpe, na kama ushampa badilisha paswadi sasa hivi kabla hujaendelea kusoma, khalafu washa uthibitisho wa hatua mbili. Skrinishoti kila mtu anaweza kutengeneza. Mtu mwenye imeili na paswadi yako anabadilisha imeili, na gemu zote ulizonunua kwenye hiyo akaunti zimekwenda nae, na ukiwalalamikia Sony wana haki ya kukuuliza kwanini ulimpa, mana masharti yao yanakataza.

Na Bloodborne wala huhitaji mtu wa kulipwa. Platinamu yake yote unaweza kuipata peke yako, na pahala ulipokwama, sijui ni bosi (adui mkubwa) gani, gemu yenyewe ina njia ya kuita msaada, unapiga kengele inayoitwa Beckoning Bell, inakula Insight moja (pointi unazokusanya ndani ya gemu), na mtu alieko upande wa pili anapiga kengele yake ndogo anakuja kwako mnapigana pamoja. Mkubaliane neno la siri kwenye mipangilio ili aje yule yule mliepanga nae. Wako watu wanafanya hivo kila siku bure kabisa, wanapenda tu kupigana na yule bosi. Miisho ni mitatu na kila mmoja una trofi yake, kwahiyo kabla hujafika mwisho kopi sevu yako kwenye USB, itakuokoa kurudia gemu nzima mara tatu. Hiyo ni sevu yako mwenyewe, haina ubaya. Ziweke hizo 40,000 kwenye PS Plus.

SWALI: Mwanangu mwandishi, mie mama wa Jang'ombe. Kijana wangu yuko skuli, fomu tatu. Juzi nimeamka saa kumi za alfajiri namsikia chumbani anazungumza Kizungu na watu siwajui, nikamuuliza ananambia "mama nina miadi, nimewaahidi watu". Miadi gani hiyo saa kumi? Na watu wenyewe ni kina nani? Nataka niiuze hiyo mashine.

JIBU: Shikamoo mama. Kijana hajakudanganya, miadi kweli ipo. Wale aliokuwa nao yumkini wako Marekani upande wa New York, saa kumi za alfajiri kwetu wao kwao ndo saa mbili au saa tatu za usiku, wametoka kazini wamekaa kucheza. Amewaahidi akaamka, na kutimiza ahadi ni kitu umemfunza wewe, hilo usimlaumu.

La saa nakubaliana na wewe mia kwa mia, mtoto wa skuli hana haja ya kuamka alfajiri kwa ajili ya trofi, si kwasababu gemu ni mbaya, ni kwasababu watu wa kucheza nao wapo kwenye saa zake. Bahrain, Kuwait na Saudia saa yao na yetu ni moja, Afrika Kusini tunapishana saa moja tu, Uingereza saa mbili au tatu. Na hao wa Ghuba ni wachezaji wakubwa, Hakam Karim wa Bahrain, wanaemjua kwa jina la Hakoom, aliingia kwenye rekodi za Guinness kwa wingi wa platinamu. Mwambie kijana aweke miadi yake baada ya magharibi siku za Ijumaa na Jumamosi, kwenye tangazo anaandika tu saa anazoweza, wanaotaka watakuja. Ramadhani watu wenyewe wa Ghuba wanacheza baada ya tarawehe, hilo mtapanga nyumbani.

Nakuomba kitu kimoja mama, usimzimie mashine katikati ya miadi. Wenzake wamesimama wanamngojea na hawajui kimetokea nini. Mpe dakika tano awaage, khalafu azime.

Kuhusu ni kina nani, kaa nae akuoneshe. Mwambie akufungulie lile tangazo, akuoneshe walivyoandikiana. La kawaida utaliona ni gemu tupu, nani aende wapi, nani amsubiri nani. Wengi hata hedseti hawatii, wanaandikiana tu na inatosha. Kisichokuwa cha kawaida ni mtu anaeuliza anasoma skuli gani, anaishi wapi, anaetaka picha, au anaemwambia "tuhamie kwenye namba yako ya simu mie na wewe tu". Hapo anatoka na anakwambia, bila ya kuogopa kunyang'anywa mashine, na hili la kuogopa ndo linalowafanya watoto wanyamaze. PlayStation ina akaunti ya familia, wewe mzazi unaweka masaa ya kucheza kwa siku na unaweza kufunga mazungumzo yake na wachezaji wengine, kijana yoyote wa nyumbani atakuwekea. Usiiuze mama.

SWALI: Mie niko Mkoani, sina PS wala Xbox, nina laptopu ya zamani ya marehemu baba na simu. Hizi trofi ndo za wenye pesa tu?

JIBU: Mungu amrehemu mzee. Hapana, na wewe nna habari nzuri kuliko wote. Kuna kundi linaitwa RetroAchievements, lipo tangu 2012, ni bure, na walichofanya ni kuchukua gemu za zamani ambazo zilipotoka hakukuwa na kitu kinachoitwa trofi, Super Nintendo, Sega, PlayStation ya kwanza na nyengine nyingi, wakazitilia achivimenti wenyewe. Wanaojitolea wanaingia ndani ya kumbukumbu ya gemu wanatafuta pahala inapohifadhi mfano idadi ya roho zako au ngazi uliyofika, wanaandika sharti, ikitimia hiyo achivimenti inatokea kwenye skrini yako. Ni kazi ya usiku na mchana na hakuna anaelipwa. Nikifikiria mtu alokaa akaandika masharti hamsini kwa gemu ya 1994 ili mtu asiemjua wa Mkoani apate furaha, mie kwa kweli naguswa.

Unadaunlodi RetroArch, programu ya kuchezea gemu za mashine za zamani, inakaa kwenye laptopu ya zamani na kwenye simu ya Android, unafungua akaunti yako RetroAchievements unaiingiza humo. Gemu zenyewe kundi halitoi, hilo wana msimamo nalo, unatakiwa uwe na kopi yako halali. Ukianza chagua ile hali ya hardcore, hairuhusu kusevu popote unapotaka wala kupunguza kasi, ni ngumu lakini ndo yenye heshima kwenye kundi, ukimaliza zote kwa hali hiyo wanakuandikia umeimudu gemu. Laptopu ikiwa dhaifu anza na Super Nintendo au Sega, PS2 iache kwa sasa itakwama. Gemu za hapo ni ndogo, bando lako halitolia. Ukikwama kila gemu ina pahala pake pa kuuliza, uliza hata kwa Kizungu cha kuokoteza, watu watakujibu.

SWALI: Paje hapa umeme ukikatika katikati ya gemu trofi niliyopata inapotea? Na nikifungua akaunti ya PSN (mtandao wa PlayStation) Tanzania siioni kwenye orodha, nifanyeje?

JIBU: Trofi ikishatokea ile alama juu ya skrini imeshaandikwa kwenye mashine, umeme ukikatika haiendi kokote, kinachopotea ni sevu yako tangu mara ya mwisho iliposevu. Hata intaneti usipokuwa nayo inakaa, ukija kuunganisha inapanda yenyewe kwenye akaunti, ila PS3 hiyo unaisinki mwenyewe kwa mkono, usisahau kabla hujaiuza au haijakufa. Kwenye kubusti, yani kusaidiana trofi na watu, ndo umeme unaumiza, kwahiyo ukiingia kwenye kundi sema mapema kwamba kwenu umeme unakatika, weka na namna ya kuwapata kwa simu, watu ni waungwana ukiwaeleza kabla.

Tanzania kwenye orodha ya PSN haimo, ndo mana huioni, na wengi wa huku akaunti zao ni za Marekani, Uingereza au Falme za Kiarabu. Nchi ukishaichagua haibadilishwi, na kadi za kuongeza pesa lazima ziwe za nchi hiyo hiyo, na vipande vya ziada vya gemu ya diski navyo lazima vilingane na eneo la diski yenyewe. Kwahiyo kabla hujafungua muulize unaemnunulia diski zake zinatoka wapi, akikwambia Dubai, angalia na kadi za huko unazipata kwa nani.